Magunia kumi ya kahawa ya kijani: uchambuzi wa deni moja la butura

Karatasi yenyewe ilichanwa katikati ya daftari la shule, la mistari ya bluu, tundu za pini bado zikionekana pembeni. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi: "Nimeuza kahawa yangu magunia kumi kwa shilingi 450,000. Nitakabidhi mwezi wa saba." Chini kuna alama ya dole gumba na sahihi ya shahidi mmoja. Neno deni halimo. Riba haimo, mkopo haumo, na kilo hazikutajwa popote.

Karatasi hiyo nilioneshwa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mjane anayeishi kwenye nyanda za Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Aliichomoa chini ya godoro, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa Agosti, na kahawa ilikuwa imeshaondoka. Kabla ya hapo hakuwa ameniambia neno, mimi ninayefanya kazi Mwanza na kumpigia simu kila Jumapili. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, ningeanzaje?"

Nimeomba ruhusa yake niandike kisa hiki, jina lake nikiliacha. Nimeandika kwa sababu huwa tunasoma habari za butura kama habari za uhalifu: mkuu fulani amepiga marufuku, gari limekamatwa usiku, wakulima wameonywa. Mama aliyekaa na karatasi ile hatumwoni. Wala hatupigi naye hesabu ya alichokuwa nacho mkononi Januari ile, na mlango gani mwingine ulikuwa wazi kwake.

Butura, kwa wasiotoka Kagera, ni kuuza kahawa ingali mtini. Mnunuzi anakuja mibuni ikiwa na maua au punje za kijani, anatoa fedha taslimu, na mkulima anaahidi magunia ya kahawa kavu ya maganda msimu ukifika. Korosho ina mtindo wake, mpunga una wake, na kila zao linalochukua miezi kukomaa lina watu wanaolinunua kabla. Kwetu jina lake ni hilo, na mtoto wa darasa la nne analijua.

Januari ile

Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya serikali, mkoa mwingine. Kwenye sekondari za serikali ada iliondolewa tangu Januari 2016, na ni kweli hakudaiwa ada. Lakini fomu ya kujiunga ilikuja na orodha: godoro, tranka, ndoo mbili, shuka, sare pea mbili, viatu vyeusi, fyekeo, madaftari makubwa. Ongeza nauli ya mtoto na ya mtu mzima wa kumpeleka. Jumla shilingi 280,000, na siku za kuripoti hazikufika kumi na tano.

Kilichobaki, 170,000, kilikuwa cha vibarua. Kibanja chake kina migomba na kahawa pamoja, kama vibanja vyetu vyote, na magugu yalikuwa yamemshinda tangu mgongo uanze kumsumbua. Asipopalilia na kupogoa, kahawa ya mwezi wa saba ingekuwa punje tupu. Kwa hiyo hata sehemu ya pili ya fedha ile haikuwa ya anasa. Ilikuwa ya kuitunza kahawa ileile aliyokuwa anaiuza.

Jioni moja alimtuma kijana kwa mnunuzi. Mnunuzi alifika kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi. Alitembea kibanjani kwa dakika kumi, akashika matawi mawili matatu, akasema gunia moja 45,000. Shangazi akaomba 50,000. Mnunuzi akasema waitu, bei ya mwezi wa saba anaijua Mungu. Wakaandikiana.

Nataka msomaji amtazame mtu huyu vizuri. Hakuomba mdhamini, hakuuliza kitambulisho, hakumtaka shangazi apande pikipiki ya 6,000 kwenda mjini akaambiwe arudi Jumatatu. Fedha aliihesabu mezani, noti za elfu kumi. Na alikuja mapema, kabla jirani hajafungua dirisha. Siri ndiyo bidhaa yake ya pili, na kwa mjane mwenye mashemeji, siri ina thamani kubwa kuliko tunavyokiri. Kila mpango wa kupambana na butura ambao haujakaa chini ukajiuliza nani mwingine kijijini anaweza kutoa fedha kwa kasi hiyo na kwa heshima hiyo, nauona kama kelele.

Gunia lina kilo ngapi

Mwezi wa saba mnunuzi alirudi na magunia yake mwenyewe. Kijana aliyekuja naye alivua ndala, akajaza gunia nusu, akaingia ndani kwa miguu yote miwili na kukanyaga akizunguka taratibu, mkono mmoja ameshika ukuta. Akaongeza debe, akakanyaga tena. Kahawa ya maganda ni nyepesi na ina nafasi ndani yake, ukiikanyaga inakubali. Gunia likawa gumu kama gogo, na juu yake wakafanya lumbesa, wakashona kwa kamba ya katani.

Magunia mawili ya mwisho hayakubebwa siku hiyo, pikipiki zilikuwa zimejaa. Binamu yangu akayapeleka kimyakimya kwenye mzani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima pale kijijini: kilo 68 moja, kilo 68 na ushee lingine. Kwa desturi ya pale kijijini, mtu akisema gunia la maganda anamaanisha kilo 60.

Sasa hesabu. Msimu ule, kupitia chama, wanachama wa kijiji chao walipata shilingi 1,500 kwa kilo baada ya makato. Magunia kumi ya kilo 60 ni kilo 600, sawa na shilingi 900,000. Yaani hata kabla ya miguu ya yule kijana, 450,000 za Januari zilikuwa zimezaa 450,000 nyingine kwa miezi sita. Ukiweka kilo 68 kwa kila gunia, shangazi alitoa kilo 680, sawa na shilingi 1,020,000. Gharama ya kupata 450,000 ikawa 570,000. Ni asilimia 127 kwa miezi sita, au asilimia 21 kwa mwezi.

Nilipomwambia shangazi "asilimia 127" hakushtuka, na mimi nilikuwa mjinga kutegemea ashtuke. Nilipomwambia kwamba kwenye magunia kumi, manne na kidogo yalikuwa ya mjukuu na vibarua, yaliyobaki yalikuwa ya mnunuzi, alinyamaza muda mrefu, halafu akaomba nirudie.

Mavuno yake yote msimu ule yalikuwa kama kilo 860. Alibaki na kilo 180, sawa na shilingi 270,000, za kuishi mpaka kahawa nyingine. Hapo ndipo butura inapojirudia: aliyeuza magunia kumi Januari hii hana namna ya kufika Januari ijayo bila kuuza tena. Jirani yake mmoja alipungukiwa magunia mawili kwa sababu ya ukame, wakakubaliana yawe matatu mwaka unaofuata. Amekuwa akilipa tangu hapo.

Milango mingine

Baada ya pale nilikaa na shangazi na binamu yangu, tukaorodhesha kila mahali ambapo mtu wa kijiji kile anaweza kupata 450,000. Nilidhani orodha ingekuwa fupi. Ilikuwa ndefu, na ndefu kwa namna ya kusikitisha, kwa sababu karibu kila mlango ulikuwa na kasoro moja: muda.

Kikundi cha kuweka na kukopa kipo hatua mia tatu kutoka kwake. Wanawake ishirini na watano, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa moja 2,000, kila mmoja ananunua kuanzia moja hadi tano kwa wiki. Unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na ukafika kwetu ukazaa kila aina ya vikundi, vikoba vikiwemo. Nawapenda sana watu wa sanduku. Riba yao, asilimia tano kwa mwezi pale kijijini, inaonekana kali, lakini inabaki ndani ya sanduku na kurudi kwa wanachama siku ya mgao.

Tatizo la kwanza: shangazi hakuwa mwanachama. La pili ni kubwa zaidi, na lingemkuta hata angekuwa mwanachama. Kikundi kilikuwa kinavunja mzunguko wiki ya tatu ya Desemba. Kagera Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, kuna harusi, kuna Krismasi, kila mtu anataka fedha yake mkononi. Kwa hiyo Januari, mwezi ambao kijiji kizima kinahaha kwa ajili ya shule, sanduku linakuwa tupu. Mnunuzi wa butura anaijua kalenda hiyo kuliko katibu wa kikundi.

La tatu: mkopo wa kikundi ulikuwa wa miezi mitatu. Ukikopa Januari unatakiwa kurejesha Aprili, na Aprili kahawa bado mbichi. Binamu yangu alinitajia wanawake wawili waliouza butura mwezi wa tatu ili walipe kikundi. Mkopo mzuri uliwasukuma kwenye mkopo mbaya kwa sababu tu tarehe zake hazikusoma mti wa kahawa. Nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo lolote lingine katika kisa hiki.

SACCOS iliyo karibu inatoza asilimia mbili kwa mwezi kwa salio linalopungua, muda hadi mwaka. Kwa 450,000 zilizolipwa zote mwezi wa saba riba ingekuwa kama 54,000. Lakini unatakiwa uwe mwanachama kwa miezi mitatu kabla, uwe na akiba, ulete wadhamini wawili wenye akiba zao humo. Mlango mzuri kwa aliyeanza kujiandaa Septemba. Kwa aliyepata fomu ya shule Desemba umefungwa.

Simu ilikuwa rahisi kupita yote. Tangu M-Pawa ianze mwaka 2014, watu wa vijijini wamezoea mikopo ya kubonyeza, ya siku thelathini. Kiwango cha shangazi kilisoma 12,000. Hiyo ni sabuni na chumvi, godoro halimo. Zipo pia programu za mikopo zinazotaka kusoma jumbe zako na uwape orodha ya namba zako zote, halafu ukichelewa wanawapigia mchungaji na mkwe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Binamu yangu alikuwa nazo mbili kwenye simu yake. Tulizifuta pale pale mezani, ingawa namba alizokwisha kuwapa haziwezi kufutika.

Kausha damu, mikopo ya riba kali ya wakopeshaji wa mitaani, sitaandika mengi, wasomaji wengi wanaijua. Wanakuja na pikipiki, wanataka marejesho kila wiki. Kwa muuza genge anayeuza kila siku pengine hesabu inawezekana kwa shida. Kwa mtu ambaye fedha yake inakuja mara moja kwa mwaka, marejesho ya kila wiki yanamaanisha kuuza ndizi za chakula, halafu kuku, halafu vyombo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne, na anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni. Muulize akuoneshe. Kijiji kile hakuna aliyewahi kuuliza, na shangazi alisema angeona haya kumuuliza mtu mzima karatasi zake.

Halmashauri ina mikopo isiyo na riba kabisa, kutoka asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Inakwenda kwa kikundi chenye mradi, siyo kwa mama mwenye mjukuu wa kupeleka shule. Faida yake kwa kisa hiki ni ya mzunguko: kikundi kilichosajiliwa na kufanya kazi vizuri kinaweza kuomba mtaji wa mashine au mifugo, na fedha za sanduku zikabaki kwa mambo ya nyumbani.

Kibanja mezani mwa benki

Kila mara nikisimulia kisa hiki mjini, mtu anauliza: kwa nini asiende benki, mbona riba ya kilimo imeshuka? Ni kweli imeshuka. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja kuzikopesha benki kwa asilimia tatu, nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia kumi kwa mwaka, na benki kubwa mbili, NMB na CRDB, zikatangaza asilimia tisa. Kwa asilimia tisa, 450,000 za miezi sita zingegharimu shilingi 20,250. Weka namba hiyo kando ya 570,000 uone umbali kati ya watu wawili wa nchi moja.

Ila mkopo huo ni wa kilimo, na benki inataka kuona zao, soko na dhamana. Mkulima mmoja wa kilo 860 hapiti peke yake. Anapita ndani ya chama chenye vitabu safi. Chama cha msingi cha kijiji chao kiliwahi kuchelewesha malipo ya wanachama msimu mmoja mpaka watu wakakata tamaa, na ukweli ni kwamba ucheleweshaji ule uliwapa wanunuzi wa butura wateja wengi kuliko njaa ilivyowapa.

Inabaki dhamana ya ardhi. Hapa lazima tuzungumze kuhusu Wahaya na kibanja. Kibanja cha ukoo ndimo walimozikwa waliotangulia. Makaburi yamo humo humo, kati ya migomba. Kwa mila, mwanamke angeweza kukaa na kula, lakini kuuza hapana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilitoa hukumu katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama huyo alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kumpinga kwa kutumia mila ya Kihaya. Mahakama ilisema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikafuata mkondo huo, na ikaweka hatimiliki ya kimila ambayo mtu anaweza kuipeleka hata benki.

Kwenye karatasi, basi, shangazi ana haki. Kijijini ana mashemeji watatu. Nilikwenda kuzungumza na mkubwa wao, mzee wa miaka sabini na kitu, nikamwamkia, tukanywa chai, nikaleta hoja kwa kuzunguka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, kaka yangu amelala pale. Kwa godoro la shule utamweka rehani?" Nilikwenda nikiwa na hukumu ya Mahakama Kuu kichwani, na nilirudi nikikubaliana naye kwa nusu. Haki ya shangazi kuwa na hatimiliki yake naitetea bila kupunguza neno, kwa sababu siku mzee yule akifa, vijana wake huenda wasiongee kwa upole huo. Lakini kuweka kibanja dhamana kwa ajili ya 450,000 ni kubeba mzigo usiolingana na hitaji. Deni dogo la msimu lilipwe na zao la msimu. Tuliachana na benki, hatimiliki tukaiweka kama kazi ya peke yake.

Mwaka wa pili

Agosti hiyo hiyo shangazi alijiunga na kikundi, kwa fedha ya ndizi, hisa tatu kwa wiki. Hadi Januari alikuwa na 120,000 za hisa.

Kazi ngumu ilikuwa kalenda. Kwenye mkutano wa kikundi shangazi alisimama, jambo asilolizoea, akapendekeza mgao uhame Desemba uende Agosti, kahawa ikishalipwa. Waliguna. Mama mmoja aliuliza kama Krismasi nayo ihamie Agosti, na wengi wakamuunga mkono, kwa haki kabisa, kwa sababu wapo wasio na kahawa na hisa zao ndizo sikukuu yao. Walibishana wiki tatu mfululizo. Mwishowe mwenyekiti, mwanamke mwenye akili tulivu, akatoa njia: Desemba igawiwe faida tu, hisa zibaki sandukuni mpaka Agosti. Asiyetaka achukue hisa zake atoke mzunguko huo. Walitoka wanne.

Kisha wakaunda mkopo mpya, wakauita mkopo wa kahawa. Unatolewa Januari na Februari pekee. Riba asilimia tatu kwa mwezi badala ya tano, inalipwa kila mwezi. Fedha yenyewe inarudi Julai, mara moja. Theluthi moja tu ya sanduku inaweza kwenda huko, ili mama anayetaka 30,000 za wiki mbili asikose. Katika kanuni zote walizoandika, ile ya kulipa riba kila mwezi ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mkopo wa 200,000 unadai 6,000 kwa mwezi, bei ya mkungu mmoja wa ndizi kijijini, kitu ambacho mjane mwenye kibanja anaweza kukipata kila mwezi bila kumgusa mtu. Kikundi kinamwona kila mwezi, kinajua yuko salama au anazama, hakisubiri Julai kugundua. Wakasajiliwa halmashauri, kama sheria inavyovitaka vikundi vya daraja la nne.

Mahitaji ya Januari ya pili yalikuwa 390,000: mtoto 190,000, vibarua 200,000. Mkopo wa kahawa ulitoa 200,000. Maharage ya vuli yalitoa 80,000, kwa sababu safari hii shangazi hakuyauza yote Desemba. Palibaki pengo la 110,000.

Nilikuwa tayari kulituma mwenyewe. Aliniambia mwezi ule ule mke wangu amejifungua kwa upasuaji na yeye si mtoto hata asijue. Akauza butura, magunia mawili, 55,000 kila moja.

Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikauliza masharti. Alikuwa ameandikisha "kilo 60" kwenye karatasi, neno ambalo mwaka uliotangulia halikuwepo, na amemwambia mnunuzi mapema kwamba kahawa itapimwa. Mnunuzi alikataa, akaondoka, akarudi jioni akakubali. Aliyahitaji magunia yale mawili kuliko alivyotaka kuonesha, na alijua safari hii mama ana pengine pa kwenda. Bei ilipanda kutoka 45,000 hadi 55,000 bila tamko lolote kutoka mkoani.

Marufuku ya butura siipingi. Kahawa inayodaiwa huchumwa mbichi, inakwanyuliwa na matawi yake, na sifa ya kahawa yetu inashuka kwa wote. Ila nimeona jinsi marufuku peke yake inavyofanya kazi: mnunuzi anaongeza hatari ya kukamatwa kwenye hesabu yake, na anayelipia hatari hiyo ni mwenye mibuni. Sanduku lenye fedha mwezi Januari lilimbana kuliko askari.

Julai bei kupitia chama ilikuwa 1,600 kwa kilo. Magunia mawili, kilo 120, yalikuwa na thamani ya 192,000. Butura ile ilimgharimu 82,000 kwa 110,000. Bado ni ghali mno. Mkopo wa kahawa ulimgharimu 36,000 kwa 200,000, na sehemu ya hizo ilimrudia kwenye faida. Jumla ya gharama ya kukopa ilishuka kutoka 570,000 hadi 118,000, na kilo nyingine zote alizipeleka chama mwenyewe, kwa jina lake.

Siku ya kukabidhi nilikuwepo. Binamu alikuwa ameazima mzani wa kuning'iniza, ameufunga kwenye tawi la mparachichi. Kijana yule yule wa mwaka jana alikuja, akavua ndala kwa mazoea, akautazama mzani, akavaa ndala zake. Gunia la kwanza lilisoma 63. Shangazi akachota kilo tatu kwa bakuli la plastiki, taratibu, akizirudisha kwenye turubai, hadi mshale uliposimama kwenye 60. La pili vivyo hivyo. Mnunuzi alisaini, akachukua mzigo, akaaga kwa adabu. Alisema atapita Januari kusalimia.

Hatimiliki bado. Kijiji kilishapimwa mipaka yake, na ofisi ya mtendaji imepokea barua ya shangazi. Mzee mkubwa ameahidi kusimama kama jirani wa mpaka siku wapimaji wakija, na hiyo peke yake ilichukua vikao vitatu. Kwenye kikundi, wanne waliotoka wawili wameomba kurudi. Sanduku limekubaliana kuongeza hisa hadi 3,000, na katibu ameniomba nimtengenezee daftari la mikopo ya kahawa lenye safu ya kilo pembeni ya safu ya shilingi.